Insha ya wasifu kwa Kihispania: yanayosemwa na yalivyo

Waongoza watalii wa Arusha wanaoanza Kihispania huja darasani na kanuni walizookota kwa wenzao, na kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuzing'oa.

"Ser ni ya kudumu, estar ni ya muda." Hivi ni vitenzi viwili vya Kihispania vyenye maana ya "kuwa" (es ni umbo la ser, está la estar), na kanuni hii ndiyo inayoharibu insha nyingi kuliko zote. Anayeifuata ataandika Moshi es al pie del Kilimanjaro (Moshi uko chini ya Kilimanjaro), kwa kuwa mji hauhami. Sahihi ni está: kitu kilipo huelezwa kwa estar, hata kiwe mlima. Marehemu naye está muerto, na kifo cha muda bado sijakiona. Ujana unapita, lakini husemwa es joven. Mimi husema hivi: ser inaeleza kitu ni cha namna gani, estar inaeleza kiko wapi au kimo katika hali gani. Mswahili anayetofautisha "ni" na "iko" tangu utotoni ameshafika nusu ya njia. Matukio tu ndiyo yanayokaidi: harusi ikifanyika Moshi, la boda es en Moshi.

"Lazima upitie Kiingereza." Kwa nini? Kivumishi cha Kiingereza hakijui wingi. Aliyezoea mlima mrefu, milima mirefu hashtuki akikutana na montaña alta, montañas altas. Hay nayo ni "kuna" yetu, basi.

"Kivumishi hufuata nomino siku zote." Mara nyingi, ndiyo. Ila un amigo viejo ni rafiki mzee kwa umri, na un viejo amigo ni rafiki wa siku nyingi, ambaye huenda bado kijana.

"Asiandike mpaka amalize sarufi." Hata ngazi ya A1, ya chini kabisa katika mfumo wa Ulaya wa kupima ujuzi wa lugha, inamtaka mwanafunzi aandike sentensi fupi kuhusu anapoishi na anachofanya.

Halafu ile ya kurundika vivumishi. Mwanafunzi aliandika kuhusu soko la Kilombero: El mercado es grande, bonito, interesante y muy bonito. Yaani soko ni kubwa, zuri, la kuvutia na zuri sana. Soko gani hilo? Linaweza kuwa popote. Nikamwuliza alikanyaga nini, alinusa nini. Akarudi na hii: Hay plátanos verdes en el suelo, una señora corta una piña y huele a pescado seco. Ndizi mbichi chini, mama anakata nanasi, harufu ya samaki wakavu. Vivumishi viwili tu. Nilichosahihisha ni kimoja: plátanos ilikosa kistari cha mkazo juu ya a.