Sindano ya mgongo na hofu ya kupooza

"Ukichomwa sindano ya mgongo, utapooza." Wapo wanaokataa ganzi ya upasuaji, au kipimo cha homa ya uti wa mgongo, kwa sababu ya maneno hayo. Yametokana na picha isiyo sahihi: kwamba ugwe mgongo, ile kamba nene ya neva itokayo kwenye ubongo, hushuka mpaka kwenye kitokono.

Haufiki huko. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa kuwa mifupa hurefuka kuliko ugwe tangu tukiwa tumboni. Chini ya hapo kuna kifungu cha neva ndefu zinazoning'inia katika majimaji. Wanaanatomia walikiita mkia wa farasi, na ukikiona hutabisha. Sindano huingizwa huko, mara nyingi kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, au ya nne na ya tano. Neva ikiguswa, kwa kawaida husogea pembeni kama tambi ndani ya maji. Huenda ukahisi mguu umeshtuka kidogo, basi.

Neva za mgongo ni jozi 31. Kila neva ina mizizi miwili: wa nyuma huleta hisia, wa mbele hupeleka amri kwenye misuli. Ganzi huzima yote hayo kwa saa chache, ndiyo maana miguu huwa mizito. Kichwa kinaweza kuuma baadaye. Neva kuumia kabisa ni nadra sana. Ila ganzi isipoisha kama ulivyoambiwa, mwite daktari mara moja.