Maana ya magonjwa ambatani kwa mwenye ugonjwa sugu wa njia za hewa

Magonjwa ambatani ni magonjwa mawili au zaidi yanayoishi katika mwili wa mtu mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiwa na jina lake, chanzo chake na dawa zake. Dhana hii ilipewa jina katika maandishi ya tiba mwaka 1970 na Alvan Feinstein, daktari wa Marekani, aliyetaka matabibu waache kuwatazama wagonjwa wa ugonjwa fulani kana kwamba hawana kingine kinachowasumbua. Magonjwa ambatani si sawa na magonjwa nyemelezi, ambayo hungoja kinga ya mwili ishuke ndipo yaingie, wala si sawa na madhara ya ugonjwa, kama kidonda cha mguu kinachotokana na kisukari. Mwenye presha na ugonjwa wa mapafu ana magonjwa ambatani: hakuna ulio mtoto wa mwenzake, ingawa mara nyingi hulishana.

Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao wengi huuita pumu tu, ni nadra kuukuta peke yake. Katika ugonjwa huu njia za hewa zimekuwa nyembamba na vifuko vidogo vya hewa vimechakaa kwa miaka mingi, kiasi kwamba dawa hupunguza ule ubanaji bila kuuondoa kabisa, tofauti na pumu ya kawaida. Kipimo chake ni spirometa, kifaa kinachopima nguvu ya pumzi. Mgonjwa huvuta pumzi hadi mwisho kisha huipuliza yote kwa nguvu, na ikiwa hata baada ya kupewa dawa ya kupanua njia za hewa bado hawezi kutoa 70% ya hewa hiyo katika sekunde ya kwanza, basi njia zimeziba. Shirika la Afya Duniani limeuhesabu kuwa wa nne kwa kuua duniani mwaka 2021, ukiwa na vifo milioni 3.5.

Sigara ndiyo inayotajwa kwanza, na inastahili kutajwa, lakini anayeishi Tanga hana budi kutazama zaidi ya sigara. Mama aliyepika kwa kuni, vifuu na makumbi ya nazi ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka 40 amevuta moshi mwingi pasipo kuigusa sigara hata siku moja. Mkonge, ulioletwa Pangani na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na ukaulisha mkoa huu kwa vizazi kadhaa, una vumbi lake, hasa katika chumba cha brashi ambako nyuzi kavu husafishwa, na vumbi hilo hudhuru njia za hewa. Aliyepata kuugua kifua kikuu naye, hata akapona, huweza kubaki na mapafu yenye makovu.

Tuchukue mfano wa mzee wa Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, mstaafu wa mashamba ya mkonge, mwenye ugonjwa huu pamoja na presha, kisukari na moyo uliodhoofika. Usiku anaamka akihema. Je, ni njia za hewa zilizobana, au ni moyo unaoshindwa kusukuma damu hata maji yakajaa mapafuni? Akilala chali hali ikizidi, akaketi akapata nafuu, na miguu ikawa imevimba, moyo unashukiwa zaidi. Akiwa na makohozi mengi kuliko kawaida, yaliyogeuka rangi, mapafu yanashukiwa zaidi. Na huenda vyote viwili vimemjia pamoja. Hapo ndipo maana ya dhana hii inapoonekana, kwani dalili moja ina wenyewe wengi, na anayemtibu kwa kutazama kifua peke yake anaweza kumwongezea dawa ya kuvuta wakati anachohitaji ni kupunguziwa maji mwilini.

Dawa nazo hukutana ndani ya mwili huo mmoja. Propranololi, inayotolewa kwa presha na mapigo ya moyo, inaweza kuzibana njia za hewa, ilhali ndugu zake atenololi na bisoprololi huelekea zaidi kwenye moyo na mara nyingi hutumika kwa wagonjwa hawa chini ya uangalizi. Hata hivyo hakuna mojawapo inayofaa kuachwa ghafla. Kaptoprili, dawa nyingine ya presha, huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na kikohozi hicho hudhaniwa kuwa ni kifua kimezidi. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo huokoa pumzi inapobana sana, hupandisha sukari ndani ya siku chache, na vikitumiwa mara kwa mara huidhoofisha mifupa. Salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, huongeza kasi ya moyo, na ikitumiwa kwa wingi pamoja na vidonge vya kupunguza maji, hushusha potasiamu katika damu. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, huifanya aminofilini, dawa nyingine ya kupanua njia za hewa, izidi mwilini hata kufikia kiwango cha sumu. Hata oksijeni ina kipimo chake, kwani kwa mgonjwa wa aina hii kwa kawaida hulengwa kiwango cha oksijeni katika damu kibaki kati ya 88% na 92%. Ndugu wanaomwona muuguzi ameifungulia kidogo wasidhani kwamba mgonjwa wao amenyimwa.

Chakula kinahitaji mizani hiyo hiyo. Ng'onda, yaani samaki waliokaushwa, na papa mkavu wana chumvi nyingi, nayo chumvi huvuta maji na kuupa moyo mzigo. Bada, ugali wa muhogo, ni chakula chetu tunachokipenda, lakini sahani iliyojaa hupandisha sukari na tumbo lililoshiba sana hubana mapafu, kwa hiyo kula kidogo kidogo pamoja na mboga na samaki wabichi humfaa mgonjwa kwa pande zote. Naona uchungu ninaposikia mgonjwa wa kifua akikatazwa kutembea. Misuli isiyotumika hunyauka, na misuli iliyonyauka hudai hewa zaidi. Kutembea polepole huku akitoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji, ni sehemu ya tiba. Huzuni na hofu pia huhesabiwa kuwa ni magonjwa ambatani na yana tiba.

Ramadhani huleta swali ambalo halifai kuachwa hadi mwezi uandame. Wanazuoni wametofautiana kama dawa ya kuvuta inafunguza, na wapo wagonjwa wanaoiacha mchana kutwa, huku sukari nayo ikipanda na kushuka. Baadhi ya dawa za kuvuta hudumu saa 12 na zinaweza kupangwa wakati wa daku na futari, lakini mpango huo hufanywa na daktari mapema, naye shehe aulizwe mapema vilevile.

Kwa kuwa kliniki ya sukari na ya kifua mara nyingi huwa na siku tofauti, anayeyajua magonjwa yote ni mgonjwa mwenyewe na walio nyumbani kwake. Karatasi moja ikae pamoja na kadi za kliniki, iandikwe kila dawa, kiasi chake na saa yake, dawa za mitishamba zikiwemo, na ionyeshwe kwa kila anayeandika dawa mpya. Kibomba cha dawa ya kuvuta nacho kibebwe, ili muuguzi aone namna kinavyotumiwa, na dawa inapobadilishwa, mstari wa zamani ukatwe siku hiyo hiyo.