Picha mseto ya kumbukumbu: maana yake ni nini?

Picha mseto ni picha moja inayotokana na kuunganishwa kwa picha mbili au zaidi. Mtaani kazi hii tunaijua. Mtu anapeleka studio picha kuukuu ya marehemu mama yake, anaomba waunganishwe, na siku ya kuichukua anajiona ameketi naye kochi moja. Picha mseto ya kumbukumbu inazaliwa na hamu hiyohiyo, ila inachounganisha ni mahali: mahali watu walipoteseka, na hapohapo palivyo leo.

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni wa Leningrad, mji wa Urusi ambao sasa unaitwa Saint Petersburg. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira kuanzia Septemba 8, 1941 hadi Januari 27, 1944, siku 872. Katika majira ya baridi ya kwanza, watoto na watu wasio na kazi ya kiwandani walishushiwa mgawo wa mkate hadi gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe ulichanganywa na vitu ambavyo si unga. Raia waliokufa, wengi wao kwa njaa, ni mamia ya maelfu; yapo makadirio yanayofika milioni moja.

Picha za siku zile zipo. Zimo za watu wakiburuta maiti iliyoviringishwa shuka juu ya kigari cha theluji, katika barabara ya Nevsky. Mpiga picha Sergey Larenkov, mwenyeji wa mji huo, alizichukua picha za wakati wa mzingiro, akaenda kusimama waliposimama wale waliozipiga, akapiga zake, kisha akaziunganisha. Upande mmoja unaona rangi, magari na wapita njia wa leo. Jicho likisogea, rangi inafifia na theluji ya 1942 inaanza. Jengo ni lilelile, na madirisha yake ni yaleyale.

Kusimama palepale kuna kazi yake. Ukisogea hatua moja tu kushoto, nguzo iliyo karibu inahama mbele ya ukuta ulio mbali, na mistari ya majengo haikutani tena. Kwa hiyo mpiga picha anashika ile ya zamani mkononi, anachagua vitu viwili ambavyo havijahamishwa, tuseme pembe ya paa na nguzo ya daraja, halafu anasogea mbele na nyuma, anachuchumaa, anainuka, mpaka vikae kama vilivyokaa zamani. Kompyuta inakuja baadaye: picha moja inalazwa juu ya nyingine, na ile ya juu inafutwa taratibu, hapa sana, pale kidogo. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uamuzi mzito kuliko yote. Anayefuta ndiye anayeamua kama anayeburuta maiti atapishana na kijana aliyeshika simu, au kama atabaki peke yake kwenye theluji.

Si lazima itumike kompyuta. Kati ya 1991 na 1993 Shimon Attie, msanii wa Marekani, alimulika kwa projekta picha za Wayahudi walioishi mtaa wa Scheunenviertel, Berlin, kabla ya mauaji ya halaiki. Alizimulika usiku kwenye kuta za mtaa huohuo, kisha akapiga picha ukuta na mwanga wake. Katika Almstadtstrasse namba 43 lilirudi duka la vitabu vya Kiebrania la mwaka 1930, mlango wake ukiwa umelala juu ya plasta iliyochakaa. Alipokosa nyumba yenyewe alitumia ya jirani, na hakulificha hilo.

Uwazi huo ndio unaoitenga picha ya kumbukumbu na picha ya kughushi. Anayeghushi anahangaika mshono usionekane. Hapa mshono unaachwa wazi, kwa sababu ndiyo miaka yenyewe iliyopita katikati. Tena kila mtu anayeonekana upande wa zamani lazima awe alikuwepo kweli. Siku hizi programu inaweza kukutengenezea mwenye njaa ambaye hakuzaliwa, na uso wake ukakuliza vilevile. Kwa waliokula gramu 125 hilo ni kosa kubwa, maana wao walikuwa na majina. Ndiyo maana picha ya namna hii ikinifikia bila miaka yake miwili, wa mateso na wa leo, siisambazi hadi nijue ya kale ilipigwa wapi na lini.