Joto la gia boksi: sensa ilale kwenye oili, isikae juu ya bati

Gari lilifika gereji likilia kwenye gia ya tano peke yake. Ya kwanza mpaka ya nne, kimya. Lilikuwa pikapu ya Land Cruiser 79, hii tunayoiita mkonga, injini ya 1HZ, gia za mkono, na kazi yake ni kupandisha mizigo kutoka Dar es Salaam hadi huku kwetu Iringa. Tulipoishusha gia boksi na kuifungua tukakuta beringi imegeuka rangi ya bluu, na oili imetoka nyeusi inanuka kama maharage yaliyoungulia. Chuma cha beringi hakigeuki bluu mpaka joto lake likaribie nyuzi 300. Na muda wote huo mshale wa joto la maji ulikuwa umetulia katikati, dereva anapiga zake stori.

Mwenye gari aliponiuliza kwa nini hakuna taa iliyomwonya, nilimjibu kwamba hakukuwa na kitu cha kuonya. Gia boksi nyingi za manyuo hazina sensa ya joto. Kiwandani wanahesabu kwamba oili ikiwa safi na kiwango kiko sawa, itajipoza yenyewe. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu anayepeleka watoto shule. Kwa anayepanda mlima Kitonga na tani na nusu mgongoni kila wiki, mimi siiamini.

Joto lenyewe linatoka wapi? Meno ya gia yanasuguana yakiwa yamebeba mzigo, na gia za chini zinazunguka ndani ya oili zikiirusha juu. Gia boksi nyingi za manyuo hazina pampu, kila kitu kinalainishwa na huko kurushiwa. Sasa hapa ndipo madereva wengi wanapobisha. Katika gia boksi hii gia ya nne ni ya moja kwa moja: mzunguko unaoingia ndio unaotoka, nguvu inapita kwenye shafti kuu bila kubebwa na meno. Ya tano inapitisha nguvu yote kwenye meno, tena inazungusha shafti ya kutolea nguvu haraka kuliko injini. Kwa hiyo ukivuta mzigo mzito kwenye tambarare ndefu ya Mikumi ukiwa na ya tano, unaokoa dizeli kidogo huku unaikaanga gia boksi. Ukifika Ruaha Mbuyuni tayari oili imeiva, halafu mlima unaanza, gia ya pili na ya tatu, mwendo mdogo, hakuna upepo wa kutosha chini ya gari. Beringi ile ya bluu ilipikwa tambarare. Mlima ulimalizia tu.

Basi tukakubaliana: gia boksi ikitengenezwa, naweka geji ya joto la oili pamoja na sensa yake.

Kununua sensa ni rahisi. Kazi iko kwenye kuchagua mahali pa kuiweka, na hapo nimeona mambo mengi ya ajabu, hata sensa iliyogundishwa nje ya gia boksi kwa gundi ya chuma. Hiyo inapima bati lililopulizwa na upepo. Wengine wanaiweka kwenye nati ya kujazia oili, ubavuni. Tatizo ni kwamba oili inajazwa mpaka ukingo wa tundu hilo hilo, basi. Ncha ya sensa inabaki inaogelea nusu nusu: gari likipanda oili inahamia nyuma, likishuka inarudi mbele, na mshale unacheza kama dansa. Mbaya zaidi, sili ikivuja na oili ikapungua, sensa inabaki hewani na kusoma joto dogo. Yaani gia boksi inakufa, geji inakwambia mambo ni shwari.

Kutoboa bodi ya gia boksi sitaki kabisa. Ni alumini, vumbi lake linaingia kwenye beringi, na ukikosea hakuna wa kukurudishia.

Mimi natumia nati ya kumwagia oili, iliyo chini kabisa. Kwa gari hili ni nati ya M18 × 1.5 (kipenyo milimita 18, hatua ya uzi milimita 1.5), spana namba 24. Nanunua nyingine mpya, naipeleka kwa mkerezaji. Dar wapo wengi mtaa wa Gerezani, huku Iringa ninaye wangu. Anaitoboa katikati kwa drili ya milimita 8.5 na kuchonga uzi wa bomba wa robo ya nusu inchi, maana sensa nyingi za geji zinakuja na uzi huo, unaoandikwa 1/8 NPT. Mwambie uzi huo ni wa mteremko: unaanza mpana unaishia mwembamba, na kukaza kwenyewe ndiko kunakoziba. Akipitisha tapu (chombo cha kuchongea uzi) mpaka mwisho amekuharibia nati, sensa itaingia yote bila kukaza. Inayofaa inaingia kwa vidole mizunguko mitatu au minne, halafu spana inamalizia mmoja na nusu hivi.

Kabla ya kufunga, pima urefu wa ncha. Naingiza kijiti kwenye tundu taratibu mpaka kiguse gia, nakitia alama, nalinganisha na sensa. Ncha ikikaribia meno, tafuta sensa fupi. Na kama nati yako ya zamani ilikuwa na sumaku, ujue umeipoteza, kwa hiyo kila ukimwaga oili iangalie vizuri kwenye karai jeupe, uone kama inang'aa kwa vumbi la chuma.

Jambo dogo ambalo limewaliza wengi: legeza nati ya kujazia kabla hujagusa ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, una gari lisilo na oili na huna pa kuijazia.

Sensa na geji lazima viwe vya familia moja. Ndani ya sensa kuna kipande ambacho ukinzani wake unashuka joto linapopanda, na kila mtengenezaji ana ngazi yake. Kwa mfano ile ya kawaida ya kilo-ohm 10 kwa nyuzi 25, yenye beta 3950 (namba inayoonyesha ukinzani unashuka kwa kasi gani), inashuka hadi karibu ohm 700 kwa nyuzi 100. Ukiifunga kwenye geji iliyotengenezwa kwa ngazi nyingine, mshale utakwenda, lakini utakuwa unasoma uongo. Angalia pia volti, maana wenye malori ya Fuso wana 24 na geji nyingi za dukani ni za 12.

Mimi huijaribu sensa kwenye sufuria kabla haijaingia kwenye gari. Maji yakichemka, geji isome joto la maji yanayochemka. Na hapa nilijipiga chenga mwenyewe mwaka wa kwanza: nilirudisha geji tatu dukani kwa sababu zote zilisoma 95. Zilikuwa nzima. Iringa tuko juu, zaidi ya mita 1,500, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mia kamili utaipata Dar, kando ya bahari. Muuza duka hajanisahau mpaka leo.

Waya ni kazi ya kawaida: umeme wa geji kutoka kwenye swichi, fyuzi ndogo, na waya wa sensa upite mbali na ekzosi, ukiwa na ulegevu kidogo kwa sababu gia boksi inacheza juu ya raba zake. Sensa ya waya mmoja inapata erthi kupitia bodi ya gia boksi, na ukizungushia uzi wake tepu nyeupe kupita kiasi, erthi inakatika na mshale unalala kwenye baridi. Ndiyo maana sasa nachagua ya waya mbili. Nati yenyewe naikaza kwa tochi renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), karibu newton-mita (Nm) 37, na wosha mpya. Uzi wa alumini hautaki misuli. Kwa kuwa sensa inaning'inia pale chini, nainamisha kipande cha bati nene mbele yake, maana mawe ya barabara za vijijini hayana huruma.

Sasa, namba zinasema nini? Kwenye gari hili, tambarare na mzigo katika gia ya nne, mshale unakaa kati ya 75 na 85. Katika ya tano na mzigo ule ule unapanda taratibu, unavuka 95. Kileleni mwa Kitonga nimeona 110. Nimemwekea mwenye gari alama nyekundu kwenye 120, akifika hapo anaegesha injini ikinguruma na gia huru. Lakini mimi namba moja moja hainitishi sana. Kinachonitisha ni gari lililokuwa likisoma 80 mahali fulani, mzigo ule ule, leo linasoma 95: hapo oili imepungua, au imechoka, au beringi imeanza. Na geji hii haipimi kiwango cha oili, kwa hiyo kuangalia kiwango kwa kidole kwenye tundu la kujazia kunabaki palepale.

Siku ya kwanza baada ya kufunga, tandika katoni kavu chini ya gia boksi, uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta doa, usikaze nati palepale: futa kwanza, uone kama linatoka kwenye wosha au kwenye uzi wa sensa. La wosha ni kubadilisha wosha. La uzi, toa sensa, mkerezaji alipitiliza.