Katika akaunti ya 529, kisichotozwa kodi ni faida

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha harusi hapa Columbus, Ohio. Shemeji mmoja akanivuta pembeni. Tangu Januari anaweka dola 100 kila mwezi kwenye "ile akaunti ya mtoto isiyokatwa kodi", lakini mshahara wake unakatwa vilevile. Akafungua hati ya mshahara kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili mpaka mstari wa kodi ya serikali kuu ukajaa kioo kizima. Makato hayakuwa yamepungua hata senti. Aliamini mhasibu wa kazini kwake amemkosea, na Jumatatu alikuwa anakwenda kumwambia.

Mhasibu hakukosea. Kosa liko kwenye ile sentensi ambayo sisi wenyewe tunapeana, kanisani, msikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp: "Fungua faivu-twenti-naini, haikatwi kodi."

Maana ya hiyo 529 ni fupi. Ni akaunti ya kuweka na kuwekeza fedha za masomo, inayosimamiwa chini ya jimbo. Mwenye akaunti kwa kawaida ni mzazi, na mnufaika ni mtoto mwenye namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) au ITIN, namba ya kodi ya asiyeweza kupata ile ya kwanza. Fedha zinakwenda kwenye hisa na hatifungani. Zikitolewa kulipia ada, vitabu, kompyuta, au chumba na chakula cha mwanafunzi anayesoma angalau nusu ya masomo ya kawaida, faida iliyopatikana haitozwi kodi ya serikali kuu. Nauli ya ndege haimo.

Sasa angalia neno "haikatwi". Haikatwi nini? Kwa Kiswahili, fedha, faida na akaunti zote ziko kwenye ngeli moja. Kile kiambishi "i" kinazibeba zote, na msikilizaji hajui ni ipi iliyokusudiwa. Aliyeanza kuisema huenda alikuwa na faida kichwani. Shemeji akasikia fedha, yaani zile dola 100 zenyewe, akangoja kodi yake ipungue. Tena anayo akaunti ya uzeeni kazini, ile 401(k) ya kawaida, ambako mchango unatoka kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kupigwa hesabu. Akadhani hii ni ndugu yake. Kumbe zinakwenda kinyume: ya uzeeni inakuachia mbegu leo na kukutoza wakati wa kuvuna, ila 529 unapanda mbegu iliyokwisha lipiwa kodi na mavuno ndiyo yanayosamehewa.

Namba yenyewe inasimulia jambo hilohilo, ndiyo maana napenda watu waijue. 529 ni kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani. Mwaka 1986 jimbo la Michigan lilipitisha sheria ya mfuko ambao mzazi angelipia masomo ya chuo mapema, kwa bei ya wakati ule, mtoto akiwa bado mdogo. Mamlaka ya kodi ya serikali kuu ikasema mfuko ule lazima ulipe kodi kwa faida inayopata. Michigan ikakataa, shauri likaenda mahakamani, na mwaka 1994 mahakama ya rufaa ikaamua jimbo limeshinda. Miaka miwili baadaye, 1996, Bunge likaandika kifungu cha 529. Hata hapo faida haikusamehewa; kodi yake iliahirishwa tu mpaka fedha zitolewe. Msamaha wenyewe ulipitishwa 2001, ukaanza kazi 2002, nao ulikuwa na tarehe ya mwisho mpaka 2006 ulipofanywa wa kudumu. Miaka yote hiyo ugomvi ulikuwa juu ya faida. Kodi ya mshahara wa mzazi haikuwamo kabisa.

Tofauti hii inaumiza zaidi siku ya kutoa fedha kwa jambo lisilo la masomo. Nimewasikia watu wakisema ukifanya hivyo "wanakukata asilimia kumi ya zote", na wengine wanaogopa hata kufungua akaunti. Tuseme umeweka dola 100 kwa mwezi kwa miaka 18, jumla 21,600, na akaunti imefika 36,000. Faida ni 14,400, yaani asilimia 40. Ukitoa 5,000 ukanunue gari, sehemu ya faida ndani yake ni 2,000. Hizo 2,000 ndizo zitakazoingia kwenye mapato yako na kutozwa kodi, pamoja na adhabu ya asilimia 10, ambayo ni dola 200. Zile 3,000 nyingine ni jasho lako ulilokwisha lilipia kodi, hazidaiwi tena na serikali kuu.

Kuna pia wanaoiita "bima ya elimu", kwa mazoea ya nyumbani ambako kampuni za bima huuza mpango wa jina hilo. Tafadhali tusiiite hivyo. Bima ya namna ile ina ahadi ya kulipa mzazi akifariki. Kwenye 529, mzazi akifariki, kilichomo ni kilekile kilichokuwamo, na soko la hisa likianguka nacho kinapungua. Mtu anayedhani ana bima anaweza kuacha kutafuta bima ya kweli, na hapo familia inabaki wazi.

Shemeji akaniuliza kama basi hapunguziwi chochote kwa kuweka. Anapunguziwa, ila si na serikali kuu na si kwenye hati ya mshahara. Ohio inaruhusu kupunguza mpaka dola 4,000 kwa mwaka kwa kila mnufaika kwenye mapato inayoyatoza kodi, na punguzo hilo unalidai mwenyewe wakati wa kujaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, ya jimbo. Dola zake 1,200 za mwaka zinaingia zote. Ndugu yake aliyeko California hatapata hilo, kwa sababu jimbo lile halitoi punguzo la namna hiyo.

Kwa hiyo nilimwomba asiende kwa mhasibu Jumatatu, na siku akimweleza mwenzake aitaje faida kwa jina: "faida yake haitozwi kodi ikilipia masomo." Akairudia mara moja, akazima simu, tukarudi kwenye hesabu za michango.