Bukini Anayeatamia kwa Mara ya Kwanza: Yasemwayo na Yalivyo

Bata bukini akiatamia mayai yake ya kwanza na yasitoke, huku Pemba hukumu haichelewi: huyo hana uzazi, achinjwe. Inaniuma, maana mara nyingi ndege huyo hana kosa.

Husemwa: siku 30 zimeshapita tangu yai la kwanza, haya ni viza.

Mayai mengi mazima hutupwa kwa hesabu hii. Bukini hatagi kila siku. Aghalabu hutaga leo, kesho akapumzika. Mayai 8 humchukua wiki mbili au zaidi, na muda wote huo haatamii: huyafunika kwa majani makavu akaenda zake. Siku ya kwanza ni ile anayokaa kitako asiondoke, kiota kimejaa manyoya aliyojinyonyoa kifuani. Toka hapo ni siku 28 hadi 32 hivi. Wapo wanaokwenda kwa kipimo cha kuku, siku 21, wakavunja yai na kukuta kifaranga hai ndani. Andika tarehe ukutani. Ukiwa na shaka, mulika yai usiku kwa tochi kuanzia siku ya 10: ukiona mishipa ya damu, muachie mama, likiwa jeupe tupu, halina kitu.

Husemwa: mayai yakiwa meupe, limempata jicho la watu.

Jicho ni haki, sibishi. Lakini bukini huanza kutaga akiwa na kiasi cha mwaka mmoja, na mayai ya msimu huo huwa madogo, mengi hayana mbegu, hasa dume naye akiwa kijana. Msimu wa pili huwa afadhali.

Husemwa: akitoka kiotani ameyasusa.

Lazima atoke, ale, anywe na aoge. Manyoya yenye maji ndiyo yanayoyapa mayai unyevu, kwa hiyo muwekee karai la maji karibu. Dume mwache alinde, hata akikufukuza. Kinachomfanya asuse kweli, hasa siku za mwanzo, ni watu: watoto kuchungulia, mtu kumuinua kila saa kuhesabu mayai, au kumhamishia banda jengine mchana.

Husemwa: kifaranga akishadonoa tundu, msaidie kutoka.

Tafadhali, subiri. Toka tundu la kwanza hadi kutoka hupita siku moja hadi mbili, pengine tatu. Muda huo anavuta damu iliyo kwenye ngozi ya ndani ya gamba, na kiini kinamalizikia tumboni. Ukimmenya mapema atatoka damu afe mkononi mwako.

Msaada unaohitajika hasa ni mwengine. Mama mgeni anaweza kuinuka na vifaranga wa mwanzo, akayaacha mayai yaliyokwishadonolewa yapoe. Watoe waliokauka, uwaweke kwenye boksi lenye joto. Wana kiini tumboni, siku nzima bila chakula hawadhuriki. Wote wakishatoka, warudishe usiku, uwaingize chini ya bawa la mama yao.