Damu, miswada na kamera: yanayosemwa kuhusu watafiti na yaliyo kweli

Mtafiti akija kuchukua damu, Pwani hakosi mtu wa kumwita mumiani. Akija na kamera kupiga picha vitabu vya marehemu babu, ataambiwa ni mwizi wa urithi. Siwacheki wanaosema hivyo. Enzi za ukoloni damu ilichukuliwa kweli bila watu kuelezwa ni ya nini, na miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na akina Alice Werner na William Hichens iko London mpaka leo, katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Lakini shaka yenye msingi ni kitu kimoja, na dhana inayozunguka tu mitaani na kwenye makundi ya WhatsApp ni kitu kingine. Tena baadhi ya dhana hizo si za kuwaogopa watafiti bali za kuwaamini kupita kiasi.

“Utafiti wa tiba ni kuthibitisha tu kile ambacho madaktari wanakijua”

Chukua dripu. Mtoto kaletwa na homa kali, viganja baridi, anapumua kwa taabu. Mzazi anataka kuona dripu imefungwa, tena iende mbio. Madaktari nao waliamini hivyo. Miongozo ya nchi tajiri ilielekeza kwamba mtoto mwenye dalili za mshtuko, yaani damu haifiki vizuri viungoni, aongezewe maji ya mshipa kwa wingi na kwa haraka. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa zikifanya hivyo, na wengi waliona hapo ndipo watoto wetu wanapopotelea.

Jambo lenyewe halikuwa limepimwa ipasavyo. Likapimwa kuanzia 2009, katika jaribio lililoitwa FEAST. Kiongozi wake alikuwa Kathryn Maitland wa Imperial College London, ambaye kazi yake iko Kilifi kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi, Teule ya Muheza, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili maji yenye albumini, protini ya damu, kwa kasi, na la tatu likapata maji ya kawaida, polepole.

Katika saa 48 za kwanza, walifariki asilimia 10.6 ya watoto wa albumini na asilimia 10.5 ya watoto wa maji ya chumvi. Katika kundi lisiloharakishwa walifariki asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, katika kila watoto mia moja, dripu ya kasi iliongeza vifo kama vitatu. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri jaribio lisimamishwe, hata kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokuwa wamepangwa.

Wengine walibisha: labda mapafu yalijaa maji, kosa la hospitali kukosa mashine. Wachunguzi walirudi kwenye kumbukumbu za kila mtoto, wakakuta kwamba tofauti kubwa ya vifo ilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, si mapafu kufurika. Ndiyo kusema tiba iliyoonekana dhahiri kwa kila mwenye macho ilikuwa inaua, na haikuwezekana kuliona hilo kitandani. Daktari anayeona watoto kumi hawezi kupambanua saba na kumi katika mia. Inahitajika kura, inahitajika idadi kubwa, na inahitajika mtu asiye na maslahi wa kuhesabu.

Hapa nisisitize kitu kimoja, maana habari kama hii hukatwa katikati ikawa sumu. Watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuingizwa kwenye jaribio hilo, wala waliokuwa na utapiamlo mkali, wala walioungua moto. Kwa mtoto anayeharisha hadi macho yakaingia ndani, maji ni uhai. Asije mtu akakataa dripu kwa kunukuu FEAST.

“Kundi la ulinganisho huachwa bila dawa, ndiyo maana wanatutumia sisi”

Kundi la tatu la FEAST lilipata dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni na damu kwa aliyepungukiwa, sawasawa na wenzao. Lililokosa ni ile kasi ya maji tu. Na ndilo lililonusurika zaidi.

“Kitabu cha kale kikisema ni dawa, basi ni dawa”

Ubishi huu hauishi, na pande zote mbili hukosea. Upande mmoja husema tiba iliyoandikwa na wazee haihitaji maabara. Upande wa pili husema vitabu hivyo ni hirizi na porojo.

Mfano ninaoupenda haukutoka kwetu bali China, ingawa mwisho wake uko Muheza na Kilifi. Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi moja ya mmea wa qinghao, auloweke majini, aukamue na kunywa maji yake. Kitabu hicho kilinakiliwa tena na tena kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tu Youyou na wenzake huko Beijing walikuwa wakitafuta dawa ya malaria, na dondoo zao za mmea huohuo, yaani dawa iliyokamuliwa kutoka humo, zilikuwa zikibadilika-badilika nguvu. Tu aliporudi kusoma Ge Hong aligundua kwamba tabibu yule hakutaja kuchemsha. Huenda moto ndio ulioharibu dawa. Wakatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na dondoo la Oktoba 1971 likawaua vijidudu vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata walipata artemisinini safi. Tu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Je, kitabu kilitosha? Hapana. Kilitoa kidokezo cha sentensi moja. Kutoka kwenye kidokezo hicho hadi sindano ya artesuneti, dawa inayotokana na artemisinini, inayochomwa wodini kulipita miaka karibu arobaini. Jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa 2010, liliwalinganisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa artesuneti asilimia 8.5. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likaelekeza artesuneti iwe chaguo la kwanza kwa watoto pia. Kwinini yenyewe ilikuwa dawa ya kuheshimika ya miaka mingi, tusiisahau.

Na ndiyo sababu Shirika hilo halishauri kunywa chai ya majani ya artemisia, yaani qinghao ileile, kutibu malaria: kiasi cha dawa hubadilika kutoka mmea hadi mmea, mara nyingi hakitoshi, na dawa isiyotosha huwafundisha vijidudu usugu. Wakati wa korona, Mei 2020, ndege ya Tanzania ilikwenda Madagascar kuchukua kinywaji chenye mmea huo. Kilichokosekana hakikuwa mmea wala heshima kwa mitishamba. Ni lile zoezi la kulinganisha.

Miswada yetu ya Pwani nayo ina kurasa za tiba, zimechanganyika na falaki, dua na hesabu za mirathi. Atakayezisoma akitafuta dozi atapotea. Atakayezisoma akitafuta swali la kupeleka Muhimbili huenda akapata. Ila kwanza ziwepo za kusomwa.

“Kikishapigwa picha na kuwekwa mtandaoni, kimeokoka”

Kati ya dhana zote, hii ndiyo ninayoiona ya hatari zaidi, kwa kuwa waliosoma vizuri ndio wanaoieneza.

Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, una hazina ya miswada. Mwanahistoria wa Norway, Anne Bang, aliongoza mradi wa kuipiga picha, kwa ufadhili wa mpango wa kumbukumbu zilizo hatarini ulio chini ya Maktaba ya Uingereza. Picha zikawekwa wazi kwa yeyote duniani. Kazi njema kabisa. Kisha Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza, wakafunga mifumo yake na kudai fidia. Maktaba haikulipa, wahalifu wakamwaga mtandaoni data walizoiba, na huduma nyingi za kidijitali zikazimika kwa miezi mingi, pamoja na kurasa za mpango huo. Aliyetaka kuona miswada ya Lamu kipindi hicho alikuwa na bahati zaidi akipanda boti kutoka Mokowe.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha Jagger, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya makusanyo ya vitabu vya Afrika. Milango ya kuzuia moto iliokoa baadhi ya vyumba; maji ya kuzimia yakalowesha masanduku ya ghorofa ya chini, na watu wa kujitolea wakayatoa moja moja. Kilichokuwa kimeshanakiliwa kidijitali kilibaki angalau kwa sura. Kisichonakiliwa kilikwenda na moshi.

Kwa hiyo karatasi inaungua na seva inazimwa. Wanaofanya kazi hii kwa dhati hawabishani kipi ni bora, wanazidisha nakala. Chuo Kikuu cha Stanford kilijenga mfumo mzima juu ya wazo hilo: nakala nyingi katika maktaba mbalimbali, zikilinganishwa kila mara, na iliyoharibika irekebishwe kwa zile nzima. Faili la picha huoza kimyakimya. Biti chache, chembe za data zinazounda faili, hubadilika na hakuna anayejua mpaka siku ya kulifungua. Kila faili hupewa alama ya uhakiki, namba inayokokotolewa kutoka ndani ya faili lenyewe, na mashine huirudia hesabu hiyo mara kwa mara kuona kama bado inalingana.

Halafu kuna kuchakaa kwa mashine zenyewe. Mwaka 1986 BBC ilikusanya picha na maandishi ya maisha ya Waingereza kwenye diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya daftari la kodi la mfalme William. Miaka kama kumi na mitano baadaye vyombo vya kuzisomea diski hizo vilikuwa adimu, na ilibidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watengeneze programu ya kuiga kompyuta ya zamani ili zifunguke. Daftari la 1086, la ngozi, lilikuwa linasomeka bila shida.

Ukisikia mradi umemaliza kuhifadhi miswada kidijitali, uliza bajeti ya mwaka wa kumi. Fedha za wafadhili hulipia kamera. Umeme wa seva na mshahara wa anayezikagua hulipiwa na nani? Mara nyingi hapo ndipo maelezo yanapokuwa mafupi.

“Kompyuta itasoma yenyewe”

Picha ya ukurasa si maandishi. Kiswahili cha herufi za Kiarabu kiliandikwa na kila mji na kila mwandishi kwa namna yake. Sauti kama p, ch na v hazina herufi katika Kiarabu, na ndiyo maana Mwalimu Sikujua wa Mombasa, karne ya 19, aliziongezea alama. Programu za kusoma mwandiko zipo na zinaendelea kuwa nzuri, lakini hujifunza kutoka kurasa ambazo mtu ameshazinukuu kwa mkono, neno kwa neno. Wanaoweza kunukuu hivyo wengi ni wazee. Kamera inaweza kungoja mwaka ujao kuliko wao.

“Lazima uvae glavu nyeupe kushika kitabu cha kale”

Za sinema hizo. Kwa karatasi, maktaba kubwa hushauri mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri, kwani glavu hupoteza hisia za vidole na ukurasa hupasuka. Glavu ni za picha za filamu na vyuma.

“Jengo likishapimwa kwa leza, likianguka litajengwa upya”

Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na vipimo hivyo vina thamani: unaweza kujua ukuta umeinama kiasi gani tangu mara ya mwisho. Lakini leza huona sura ya nje tu. Haioni boriti ya mkoko iliyoliwa na mchwa wala chokaa iliyokufa ndani ya ukuta. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883, hakuna mtu asiyeijua sura yake; imepigwa picha kupita nyumba yoyote ya Mji Mkongwe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa.

“Ukishasaini, umeshatoa”

Fomu ya ridhaa si hati ya kuuza shamba. Mshiriki wa utafiti wa tiba anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza haki ya matibabu, na fomu hubeba namba ya simu ya kamati ya maadili, ambayo si ya mtafiti. Katika FEAST, mama aliyefika na mtoto mahututi hakusomewa kurasa nyingi mlangoni. Aliombwa idhini fupi ya mdomo, kisha akaelezwa kwa kirefu mtoto alipotulia. Kuna waliolikosoa hilo. Mimi naona kumsomea mtu fomu ndefu huku mwanawe anakata roho si heshima.

Kwenye miswada mambo ni legelege zaidi. Mpango wa Maktaba ya Uingereza una sharti kwamba miswada asilia isitoke nchini na nakala moja ibaki kwa taasisi ya hapo hapo, lakini si kila anayekuja na kamera ana masharti. Familia ina haki ya kudai yaandikwe: vitabu vinabaki nyumbani, nakala kamili inaachwa kwenye diski pamoja na orodha, jina la mwenye kitabu linatajwa au halitajwi kwa hiari yake, na kurasa za siri za ukoo, ikiwa zipo, zipigwe picha zihifadhiwe bila kuwekwa mtandaoni. Mtafiti anayekataa kuandika hayo, mpe chai, umsindikize.